Uzi wa tatu

"Mwanangu, huo uzi wako wa tatu unagombana na wenzake."

Mzee wetu wa besi alisema hivyo Jumatano moja ya mazoezi, kichwa kakiinamisha, macho yakiwa kwenye vidole vyangu. Hakuongeza neno. Aliegemeza besi lake ukutani, akaenda kunywa maji. Nikabaki napiga uzi mmoja mmoja, polepole, kuanzia wa sita hadi wa kwanza. Kweli kabisa: nyuzi tano zinazungumza kama watu waliokaa baraza moja, huyu wa tatu anafoka.

Mimi ni fundi mkerezaji hapa Tanga. Mchana niko karakana, nakereza shafti na bushi. Jioni za Jumatano na mwisho wa wiki napiga solo kwenye bendi ya watu saba. Tunapiga za zamani: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapa hapa kwetu, Western Jazz, NUTA, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye ndiye aliyenifanya nishike gitaa. Wanaotuita kwenye harusi wanataka kitu kimoja, ile sauti waliyoisikia redioni kwa wazazi wao. Wakisikia gitaa lenye sauti kali ya bati, wanapiga makofi ya heshima na kurudi kwenye pilau. Wakisikia ile yenyewe, mama wa miaka sabini ananyanyuka kitini bila kusubiri mkono wa mtu.

Ile yenyewe ni sauti gani? Ni safi, haina mkwaruzo, lakini ina mwili. Noti moja ya uzi wa kwanza ni nene, haichomi sikio. Gitaa la solo na la rizimu yanapishana bila kukanyagana. Nilikuwa nimeihangaikia kwa miaka miwili. Nilipunguza trebo, nikabadilisha amplifaya, nikatumia piki nene. Kuna rafiki alinishauri niache nyuzi zizeeke, nisizibadilishe kabisa, eti sauti ya zamani hutoka kwenye nyuzi zilizochakaa. Nilimsikiliza kwa miezi minne. Nataka niseme wazi kwa yeyote aliyepewa ushauri huo: kwa gitaa la solo haufai. Uzi uliochakaa una kutu hapa na uchafu pale, uzito wake haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho, na uzi wa namna hiyo hautyuniki. Ukiuweka sawa ukiwa wazi, haujabonyezwa, ukibonyeza freti ya saba, vile vyuma vilivyolala kwenye shingo, umeshapotoka. Nilipata gitaa lililochoka tu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mzee, Ngamiani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umekuja kwa ajili ya ule uzi." Akacheka kidogo, akamwita mjukuu wake atoe kitu uvunguni mwa kitanda.

Lilikuwa gitaa lake la ujana, enzi akipiga rizimu, kabla hajahamia kwenye besi. Rangi imebanduka pale mkono wa kulia ulipokuwa ukilala, na swichi moja haipo. Lilikuwa limebaki na nyuzi nne tu. Wa tatu ulikuwamo. Nilipoupitisha chini ya kucha nikasikia krrr, ule mkwaruzo wa waya uliozongwa juu ya waya. Wa kwangu ni mtupu, chuma laini tangu mwanzo hadi mwisho kama wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nimepiga gitaa miaka kumi na minne nikiamini kwamba uzi wa tatu wa gitaa la umeme ni mtupu, na kwamba ulizaliwa hivyo.

Mzee alishangaa kwamba nashangaa. "Sisi wetu ulikuwa umezongwa. Huu mtupu ulikuja baadaye, vijana wakaupenda kwa sababu ni laini." Akaniambia namna walivyohangaika na nyuzi. Seti ilikuwa kitu cha kutunzwa kama pete. Zikichoka walizitoa, wakazichemsha kwenye sufuria, wakazianika zikauke, wakazirudisha; uchafu wa vidole ukishatoka katikati ya mizongo, uzi unafufuka kwa siku kadhaa. Ukikatika karibu na daraja waliufunga fundo wakaendelea. Aliniruhusu niukate ule uzi wa tatu niende nao kazini, kwa sharti kwamba nitamrudishia gitaa likiwa na mwingine.

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, niliusafisha kwa mafuta ya taa na kuuweka kwenye mikromita. Milimita 0.56. Nikautoa wa gitaa langu: 0.43. Ukibadilisha kuwa inchi, maana nyuzi za gitaa dunia nzima huhesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi, wa mzee ni 22 na wangu ni 17. Kisha nikaufungua ule wa mzee kwa koleo, nikazongoa waya wa nje kidogo kidogo kama anayemenya muwa. Waya wa nje ukabaki mkononi, umejipinda kama spring'i, una rangi ya kijivu yenye unjano wa mbali. Ndani kulikuwa na kiini cha chuma, chembamba kuliko ule uzi wangu mtupu.

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, na kinachotikisa uga wa sumaku ni chuma kinachocheza juu yake. Uzi mtupu wa 17 ni chuma kitupu. Uzi uliozongwa una kiini chembamba, na kilichobaki ni waya wa nje, ambao kama ni wa nikeli, sumaku inauhisi kwa upole zaidi kuliko chuma. Kwa hiyo uzi mtupu wa tatu unapiga kelele kuliko jirani zake hata kama mkono wako ni wa adabu.

Gitaa langu linaongeza matatizo. Ni la chapa ya Squier ya Japani, umbo la Stratocaster, lile gitaa mashuhuri la kampuni ya Fender, na vichwa vya sumaku vya pikapu zake havilingani urefu. Inama uangalie kwa pembeni: ya uzi wa pili imezama, ya uzi wa tatu imesimama juu. Nilikuwa nadhani ni ubovu wa kiwandani. Kumbe ni ramani. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilifungwa nyuzi nene, wa tatu umezongwa, na urefu wa zile sumaku ulipangwa kwa ajili ya nyuzi hizo: wa tatu una sauti ya chini, basi sumaku yake isogezwe karibu, wa pili ni mtupu na mnene, basi yake ishushwe. Ukiuweka uzi mtupu juu ya sumaku iliyosimama, umempa mtu mwenye sauti kubwa kipaza sauti. Sikio la mzee lilisikia hicho, kutoka upande wa pili wa chumba.

Kwa nini basi uzi mtupu ukatawala? Kwa sababu ya kuvuta. Wapigaji wa blues na rock wa Marekani walitaka kuusukuma uzi pembeni mpaka noti ipande, na uzi wa tatu uliozongwa haukubali kirahisi. Katika miaka ya 1950 walikuwa wakitupa uzi wa sita, wanashusha kila uzi nafasi moja, na pale juu wanaweka uzi mwembamba wa banjo. Mpiga gitaa James Burton ni mmoja wa waliofanya hivyo. Mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa California, akatoa seti zake za Slinky, nyuzi nyembamba zilizopangwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Zile za unene wa 10 hadi 46 leo ndizo ukiingia duka lolote utapewa bila kuulizwa.

Sasa niulize na mimi: katika dansi la zamani la kwetu, solo inavuta uzi pembeni mara ngapi? Inadonoa. Inapanda na kushuka kwa nyuzi mbili mbili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa tatu, noti zikienda pamoja kama waimbaji wawili. Uzi wa tatu kwetu ni sauti ya pili ya kila mstari. Tulikubali uzi uliotengenezwa kwa ajili ya kazi ambayo hatuifanyi, tukaharibu ule tunaoufanyia kazi kila dakika. Nasema hili kwa uchungu, maana nimepiga harusi nyingi nikiwa na kasoro hiyo mkononi.

Nikaanza kutafuta. Mara ya kwanza nilimwagiza mtu Dar, duka moja Kariakoo, akaniletea pakiti nzuri yenye chapa kubwa. Mikromita ikakataa: uzi ulioandikwa 10 ulipimwa 9, na ule wa sita ulikuwa mnene mwanzoni kuliko katikati. Baada ya wiki moja ya hewa ya bahari mizongo ikaanza kulegea na uzi kutoa mlio wa kuwasha. Zilikuwa za bandia. Siku hizi sifungi uzi wowote kabla ya kuupima sehemu tatu, na kama huna mikromita, mpelekee fundi yeyote wa lathe, ni kazi ya dakika moja.

Shemeji yangu alikuwa anakuja kutoka Uingereza, nikamtumia orodha. Kwanza nilitaka nyuzi bapa, zile zilizozongwa kwa utepe uliolala badala ya waya wa duara. Aliniletea seti ya Chromes za D'Addario, 11 hadi 50, wa tatu umezongwa na ni 22, kama wa mzee hasa. Ukipitisha kidole hakuna krrr, unateleza kama juu ya kioo. Peke yangu chumbani nilizipenda mno. Kwenye bendi zikanishinda. Tulipofika chemko, tarumbeta mbili na saksafoni zikiwa zimeshaingia, solo ikazama. Niliona midomo ya watu ikiimba nami sijisikii. Nilizitoa nikampa mwenzangu wa rizimu, na kwake zimekaa. Rizimu inahitaji kugonga na kufa haraka, na nyuzi bapa zinajua kufa. Kwenye besi pia ndizo zenyewe: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa za La Bella na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Mzee wetu ana za kwake, na haruhusu mtu kuzigusa.

Zilizonifikisha ni za nikeli tupu.

Ukisoma pakiti ya nyuzi za kawaida utaona neno nikeli, ukadhani ndizo. Nyingi ni waya wa chuma uliopakwa nikeli juu, kama asilimia 8 tu, na ndani ni chuma. Mpaka miaka ya 1960 waya wa nje kwa kawaida ulikuwa nikeli tupu. Mwishoni mwa muongo ule nikeli ikapanda bei, viwanda vikahamia kwenye chuma kilichopakwa, na wapigaji wa rock walioupenda ukali wake hawakulalamika. Kwa hiyo rekodi nyingi tunazoziita za zamani zilipigwa katika dunia ya nyuzi za nikeli, na gitaa unalonunua leo linakuja na kitu kingine. Tofauti si kubwa kama ya mchana na usiku. Nikeli ina sauti ya chini kidogo, ncha kali ya juu imekatwa, na katikati pamejaa. Lakini ukiwa umeshasikia mara moja, sikio halirudi nyuma.

Zinatengenezwa bado. Kampuni ya GHS wana Nickel Rockers, ambazo mizongo yake imebanwa kidogo juu, ziko kati ya duara na bapa. DR wana Pure Blues, nikeli juu ya kiini cha duara. D'Addario na Fender nao wana zao, na Pyramid wa Ujerumani pia. Mimi nilichukua seti ya 11 hadi 48, wa tatu ulikuwa mtupu wa 18, nikautupa kwenye kopo la akiba na kuagiza mmoja mmoja nyuzi tatu za 22 zilizozongwa kwa nikeli. Angalia hilo unaponunua: hata kwenye seti zilizoandikwa za zamani, mara nyingi uzi wa tatu ni mtupu. Soma namba, uzi uliozongwa huwekewa herufi W.

Kama utachukua zenye kiini cha duara, usikate uzi kwanza. Kiini cha pembe sita kinaishika mizongo kwa zile pembe. Cha duara hakina pa kushikia, kwa hiyo ukikata kabla ya kuukunja uzi kwa koleo, mizongo inafunguka ndani na uzi umekufa siku hiyo hiyo. Kunja, kaza, halafu kata.

Kufunga kulichukua Jumamosi nzima, na sijutii hata saa moja. Uzi wa kwanza wa 10 unavuta shingo kwa nguvu ya kilo 7 na kitu. Wa 11 karibu kilo 9. Zidisha kwa nyuzi sita uone. Daraja la Squier likanyanyuka mgongo mara nilipotyuni, nikafungua mgongoni na kuongeza spring'i ya nne. Shingo ikajipinda mbele kidogo, nikaikaza ile fimbo ya ndani robo mzunguko, nikaiacha ilale usiku mmoja kabla ya kuigusa tena.

Kazi tamu ilikuwa kwenye ule mfupa wa juu, pale nyuzi zinapopita kuingia shingoni. Mfereji wa uzi wa tatu ulichongwa kwa 17, na wa 22 ulikaa juu yake kama mtu aliyekosa nafasi kwenye daladala. Tupa za kazi hiyo sina. Lakini karakana ina zile sindano za kusafishia ncha za gesi ya kulehemu, zimepangwa kwenye kibati, kila moja ina unene wake na meno madogo pembeni. Nilizipima moja moja mpaka nikapata ya milimita 0.6. Nikapitisha mara kumi, nikiiinamisha kuelekea kichwani, nikapuliza vumbi la mfupa, nikauweka uzi, nikautoa, nikapitisha mara nne tena. Ukizidisha mara mbili tu uzi utagonga freti ya kwanza na utahitaji mfupa mpya. Nilipoulaza mara ya tatu uliingia, nusu ndani nusu nje, ukatulia. Nilipoukaza haukutoa ule mlio wa "tink" wa uzi uliobanwa.

Kisha daraja. Kipande kinachobeba uzi wa tatu kilikuwa kimerudishwa nyuma sana, maana uzi mtupu mnene ni mgumu na kila ukiubonyeza unapanda kuliko inavyotakiwa. Uliozongwa kiini chake ni chembamba, unakubali. Nililinganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa tu juu ya freti hiyo hiyo, nikakisogeza kipande mbele milimita mbili, zikakutana. Kwa mara ya kwanza katika gitaa hili nyuzi mbili, wa kwanza na wa tatu, zilipanda kutoka freti ya pili hadi ya kumi na mbili bila kuachana.

Faida moja sikuitarajia. Hapa pwani kutu haitaki ruhusa. Kwenye seti ya umeme wanaoanza kuota kutu ni watupu, kwa sababu ni chuma kilichopakwa bati jembamba. Zamani nilikuwa na watatu wa kubadilisha kila mara, sasa ni wawili. Nyuzi za nikeli nazifuta kwa kitambaa kikavu kila tunapomaliza, moja moja, chini na juu, na seti hii ina miezi mitano. Wa kwanza na wa pili nimewabadilisha mara tatu, nawanunua peke yao.

Jumatano ya kwanza sikumwambia mtu. Tulianza na wimbo wa taratibu, mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na besi mapajani. Ubeti wa pili nikaingia na solo, nyuzi mbili mbili. Aligeuza kiti. Hakunitazama, alitazama amplifaya, na wimbo ulipokwisha akasema turudie, kasi ile ile.

Wiki iliyopita nilimrudishia gitaa lake. Nimelifunga uzi wa tatu wa 22, wa nikeli, kutoka kwenye zile tatu nilizoagiza, na ule wa zamani niliouzongoa nimeuweka kwenye bahasha pamoja na kiini chake. Alilishika akiwa amekaa kitandani, akabonyeza kodi (chord) moja ya rizimu iliyohitaji nyuzi tatu, wa tatu hadi wa kwanza, na wa kwanza haukuwepo tangu siku nilipoliona. Akapiga hivyo hivyo na pengo lake, mara tatu.

"Huo wako wa unene wa 11 unaoutumia," akasema, "niletee na wa kwanza."

Nitaupeleka Jumapili.